Jibu: Kigoma kuwa kitovu cha utafiti wa afya, inawezekana?

Mkuu, umeuliza kama Kigoma inaweza kuwa kitovu cha utafiti wa afya au tunaota mchana. Malighafi tunayo kitambo. Hifadhi ya Gombe, hapa Kigoma, sokwe wanafuatiliwa tangu 1960, na mwaka 2009 ilichapishwa kwamba wale wenye SIV, virusi vya nyani na sokwe vilivyo ndugu wa VVU, hufa mapema kuliko wenzao. Sampuli zenyewe? Nyingi ni kinyesi kilichookotwa msituni, kikawekwa kwenye vichupa vyenye dawa ya kuhifadhia. Hakuna sokwe aliyechomwa sindano. Ila vipimo vikubwa vilifanyika Marekani. Hapo ndipo kwenye kazi: jengo si tatizo, friji za kuhifadhia sampuli kwa nyuzi 80 chini ya sifuri zinataka umeme usiokatika na fundi wa hapahapa Ujiji, si wa kusubiriwa kutoka Dar. Mie ningeanzia kwa fundi.