Punda wako anasaga au anatwanga? Tazama taya kabla ya kuita tupa

Punda wako akianza kutema matonge ya majani yaliyotafunwa nusu, usimlaumu muuza majani. Mimi nilimlaumu wiki nzima. Kila jioni nilikuta vijitonge vimetapakaa bandani, urefu wa kidole gumba, vimesokotwa na kulowa mate. Ukikichambua kimoja unakuta nyuzi za majani nzima nzima, hazijaguswa na jino. Nikabadilisha muuzaji. Kusi, punda wangu dume wa miaka tisa anayebeba mawe na mchanga hapa Lamu, akaendelea kutema vilevile.

Mwisho nilimpeleka zahanati ya punda, ile iliyofunguliwa hapa kwetu mwaka 1987 na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza. Daktari alimdunga sindano ya kumtuliza, akamvisha chuma cha kupanulia mdomo, akamulika kwa tochi. Kisha akaniita.

"Ami, sogea uone mwenyewe."

Magego ya juu yalikuwa na ukingo mkali kama kombe la chaza, upande wa shavuni. Ya chini yalikuwa na ukingo kama huo, ila upande wa ulimi. Ndani ya shavu la kushoto palikuwa na kidonda kirefu, cheupe katikati na chekundu pembeni, kimelala pale pale ukingo ulipokuwa ukigusa. Mnyama huyu alikuwa akijikata kila anapotafuna, na mimi nilikuwa nikimtwisha shogi kila asubuhi kana kwamba hana neno.

Daktari hakuanza na tupa, chuma cha kusugulia meno. Aliniuliza kwanza, "Unamlisha nini?"

"Pumba za mahindi, asubuhi na jioni. Na majani kidogo usiku." Nilijibu kwa fahari, maana pumba si bure.

"Basi, ami, umemzoesha kutwanga, na yeye kaumbwa asage."

Neno hilo sijalisahau, na ndilo lililonifanya niandike. Uso wa gego la punda huchongwa na njia anayopitisha taya lake, na njia hiyo inategemea sana unachomwekea mbele yake.

Mchi hupanda na kushuka ndani ya kinu. Jiwe la juu la kusagia huzunguka juu ya jiwe la chini. Sisi watu tunafanya yote mawili kidogo kidogo, lakini punda ni wa mawe. Taya lake la chini hushuka, huenda pembeni, hupanda mpaka magego yakutane, kisha huteleza kurudi katikati huku yakisuguana. Huko kuteleza ndiko kunakokata majani. Simama mbele ya punda anayekula nyasi kavu, utaona kidevu chake kinachora duara. Msimamie anapokula pumba, utaona kidevu kinapanda na kushuka, duara limekuwa jembamba mno. Waliopima mwendo wa taya la farasi kwa kamera waliona hivyo hivyo: nyasi kavu hulipeleka taya mbali pembeni kuliko chakula kilichosagwa na kufinyangwa vidonge.

Kwa nini jambo hilo lizae ukingo mkali? Kwa sababu taya la juu la punda ni pana kuliko la chini, kwa kama robo hivi, na kwake tofauti hiyo ni kubwa hata kuliko kwa farasi. Akiufunga mdomo tu, magego ya chini hayayafuniki yote ya juu. Ukingo wa nje wa gego la juu unabaki peke yake, na ukingo wa ndani wa gego la chini vilevile. Kingo hizo hukwanguliwa pale tu taya linapokwenda mbali pembeni. Ukiifupisha safari ya taya, katikati ya gego panalika na ukingo unabaki.

Na gego halikai likingoja. Gego la punda huendelea kuchomoza kutoka kwenye ufizi, milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, karibu umri wake wote, maana limewekwa lilike. Ndani yake mna enameli iliyo ngumu kabisa, na kando yake tabaka nyingine za jino, dentini na sementi, zilizo laini zaidi. Kwa kuwa hazilikiki sawa, enameli hubaki imeinuka kama matuta. Bibi zetu jiwe la kusagia likishakuwa laini walilichonga upya kwa chuma. Punda hujichongea lake mwenyewe kila siku, ilimradi taya lisogee inavyopasa.

Punda wetu asili yake ni punda mwitu wa Afrika, na mmoja wa jamaa zake, punda mwitu wa Somalia, bado anaishi kaskazini ya hapa, kwenye nchi kame yenye nyasi ngumu. Punda akiachiwa nafasi huweza kula saa 14 au zaidi kwa siku, kidogo kidogo, akitembea. Kilo moja ya nyasi kavu humtafunisha farasi zaidi ya mara 3,000. Nafaka ya uzito huo huo haifikii nusu ya hizo. Sasa mtazame punda wa mjini. Amebeba simiti tangu alfajiri, adhuhuri anawekewa ndoo ya pumba, anaimaliza kabla wewe hujamaliza kahawa yako. Tumbo limepata kitu, lakini taya halikufanya kazi. Kisha anatoka kwenda kuzurura jaani akila boksi na maganda ya maembe.

Basi nilichobadilisha mimi ni hiki. Nyasi kavu na mabua ya mahindi sasa ndiyo chakula, na pumba ni nyongeza ya kiganja kimoja au viwili kwa siku ya kazi nzito, tena nikizichanganya na majani ili asizibugie. Majani siyakati vipande vifupi. Wengi tunakatakata tukidhani tunamrahisishia mnyama, na kwa punda kikongwe ni sawa, nitakuja kulisema. Kwa punda mwenye meno mazima, urefu wa jani ndio unaolivuta taya pembeni. Nyasi kavu ni shida kupatikana kisiwani msimu wa ukame na bei hupanda, hilo nalijua vizuri. Sisi tuliungana jirani watatu tukawa tunaagiza mzigo mmoja wa jahazi kutoka bara, ikawa nafuu kuliko pumba za mwezi.

Jambo la pili ni kimo cha chakula. Jaribu mwenyewe sasa hivi: gusanisha meno kidogo, kisha inamisha kichwa mpaka kidevu kikaribie kifua. Utahisi meno ya chini yanasogea mbele. Tazama juu darini, yatarudi nyuma. Punda yuko hivyo hivyo. Akila kichwa kikiwa chini, kama alivyoumbwa, taya la chini husogea mbele kidogo na safu mbili za magego hukutana mahali pake. Mimi nilikuwa nimelitundika hori kimo cha kifua ili majani yasichafuke. Safu zisipokutana sawa, gego la kwanza la juu au la mwisho la chini hubaki na sehemu isiyosuguliwa na mwenziwe, nayo huota ndoano. Ndoano ikishika, taya haliwezi tena kwenda mbele na nyuma kwa raha. Hori nimelishusha. Lakini kwetu huku chini ni mchanga, na mchanga tumboni huua punda kwa msokoto, kwa hiyo majani nayatandaza juu ya jamvi kuukuu na nalikung'uta kila siku. Ukipata beseni pana lenye kina kifupi, bora zaidi.

La tatu halina gharama yoyote. Mfungue kamba ya puani anapokula. Kamba iliyokazwa hulizuia taya lisiende mbali pembeni. Nimewaona punda wengi barazani wamefungwa wakila, na wenyewe hawana nia mbaya.

Sasa nisimulie la uchungu, kwa sababu sitaki limpate mwingine. Kabla ya Kusi nilikuwa na jike mmoja aliyepoteza gego la chini upande wa kulia. Gego la juu lililokuwa likisagana na lile lililotoka likakosa mwenzake, likaendelea kushuka kuingia kwenye pengo, mpaka likawa kama kabari. Taya likigonga pale linakwama, hivyo akaanza kutafunia upande wa kushoto tu. Baada ya muda upande ule mwingine ambao hautumiki ukawa na mteremko mkali, kama mkasi, kwa sababu hakuna kilichousugua. Nikamwita mtu aliyekuwa akisifiwa kwa kutengeneza meno ya punda. Alikuja na koleo. Alilikata lile gego kwa nguvu za mikono, likapasuka kwenda juu hadi kwenye kiini. Uso wa punda ukavimba, usaha ukatoka puani, na baada ya wiki mbili sikuwa naye. Gego refu hupunguzwa na daktari, kidogo kidogo, pengine kwa ziara kadhaa zenye miezi katikati, ili kiini kilicho hai ndani kisiguswe. Mtu akija na koleo au patasi, mshukuru kwa kuja na umrudishe.

Hata tupa ina mpaka wake. Nilimwomba daktari amsawazishie Kusi magego yote yawe laini kama meza. Alikataa. Aliondoa zile kingo kali tu, akaacha matuta ya katikati kama yalivyo. "Ukililainisha jiwe, ami, atasagia nini?" Nilikuwa nikifikiri kazi nzuri ni ile inayoacha jino laini. Kumbe punda aliyesuguliwa kupita kiasi anarudi nyumbani hawezi kusaga kabisa, na dentini iliyofunuliwa inamuuma.

Wewe nyumbani usitie vidole mdomoni. Magego ya punda hayabagui kidole na bua. Lakini yapo unayoweza kufanya ukiwa nje ya mdomo. Pitisha viganja vyako juu ya mashavu, chini ya mfupa wa uso, ukibonyeza polepole kwenye safu ya magego ya juu. Akivuta kichwa kila ukifika mahali fulani, pana jeraha. Kisha shika pua yake kwa mkono mmoja, itulie, na kwa mkono mwingine lisukume taya la chini pembeni taratibu, kulia halafu kushoto. Katika mdomo mzuri utalihisi linateleza na utasikia mkwaruzo wa sawasawa, kama jiwe juu ya jiwe. Upande ukikwama, au ukasikia mlio wa kuruka, au upande mmoja unakwenda mbali kuliko mwingine, hapo pana tatizo hata kama punda bado anakula.

Na tazama mavi. Yavunje kwa kijiti. Yakiwa na nyuzi ndefu za majani zinazoonekana vizuri, kusaga kumeharibika. Mimi mavi ya Kusi yalikuwa yakinieleza miezi kadhaa kabla ya yale matonge, nami nilikuwa nikiyafagia tu. Ongeza hapo harufu mbaya ya mdomo, udenda, kuinamisha kichwa upande anapotafuna, kupungua mwili. Huo wa mwisho mara nyingi hauonekani kwa macho kwa sababu ya manyoya, kwa hiyo pitisha mkono kwenye mbavu.

Usingoje mpaka agome kula. Punda huficha maumivu kuliko wanyama wengi, na akikaa siku moja au mbili bila kula mafuta ya mwili humiminika kwenye damu yake, hali inayoweza kumuua haraka hata ukilitengeneza jino. Punda aliyeacha kula ni dharura ya siku hiyo hiyo. Aliye mzima aonwe na daktari mara moja kwa mwaka. Mwenye umri kati ya miaka miwili na nusu na mitano anabadilisha meno ya utoto, naye aangaliwe zaidi, kwa kuwa jino la utoto likikataa kutoka hulizuia taya kama ndoano.

Kusi vidonda vilipona kwa wiki mbili. Alirudi kutafuna kwa duara pana, kushoto na kulia. Mwaka uliofuata daktari alimkagua, akapitisha tupa mahali pawili tu, akasema nyasi zimemtangulia kazini.

Mama yake ninaye bado, bandani pembeni. Yeye magego yamelika mpaka matuta yamekwisha, jiwe limekuwa laini moja kwa moja na hakuna tena jino la kuchomoza chini yake. Kwa huyu ninafanya kinyume cha yote niliyosema. Majani nayakata mafupi kama sentimita mbili, nayaloweka maji na pumba kidogo, namwekea peke yake mahali vijana hawamfikii. Anachukua kama nusu saa kumaliza beseni moja. Nakaa naye mpaka amalize, kwa sababu nikiondoka Kusi huruka uzio.