Taa ya gari la mkononi: isome kwanza, usikimbilie kuifuta

Wakuu, nina Toyota IST niliyonunua wiki mbili zilizopita. Taa ya cheki injini imewaka njano ila gari linatembea vizuri. Fundi anataka kuchomoa betri ili izime. Nimruhusu? (Ujiji)

Usimruhusu. Betri ikichomolewa, taa inaweza kuzima kweli, lakini kodi ya kosa (namba ya ubovu inayohifadhiwa na kompyuta ya gari) inafutika na ubovu unabaki pale pale. Wauzaji wengine hufanya hivyo hivyo: betri inachomolewa asubuhi, mteja anakuja mchana.

Tafuta mwenye mashine ya kupimia. Tundu la kuichomeka lina pini 16, liko chini ya dashibodi upande wa dereva. Andika kodi yenyewe kwenye karatasi, usikubali jibu la "ni sensa tu". Ikitoka P0171, hewa imezidi petroli. Kwa vumbi la huku, kabla hujanunua chochote fungua eyaklina (kichujio cha hewa). Isipokaa sawasawa kwenye kasha lake, vumbi hupita pembeni na kuganda kwenye kijiwaya cha sensa ya hewa, nayo inaidanganya kompyuta. Kipulizie spreyi ya sensa hiyo, kiache kikauke. Usikiguse kwa kitambaa wala mswaki. Kagua pia mpira wa hewa kati ya eyaklina na injini, hasa kwenye mikunjo, ndipo hupasukia.

P0420 inahusu masega (kisafisha moshi ndani ya ekzosi), ila haina maana kwamba yamekufa: ekzosi inayovuja karibu na sensa huleta kodi hiyo hiyo. Na kama masega yalishatolewa yakauzwa, sensa mpya haitakusaidia. Chungulia chini ya gari kabla ya kutoa hela.

Taa yangu ya cheki injini inapepesa nikikanyaga mafuta, gari linatetemeka. Naweza kufika nayo Tabora mjini? (Urambo)

Hapana. Injini inamisi, yaani silinda inashindwa kuchoma petroli yake, na petroli isiyoungua inaingia kwenye masega na kuyachoma. Kodi P0301 hadi P0304 inataja silinda kwa tarakimu ya mwisho. Koili (inayoipa plagi umeme) ya silinda hiyo ibadilishane na ya jirani, futa kodi, washa. Kosa likihama nayo, nunua koili hiyo moja. Lisipohama, angalia plagi, kisha injekta. P0300, yaani kumisi kusikochagua silinda, baada ya kujaza petroli ya dumu? Shuku maji kwenye tangi.

Taa nyekundu ya oili inawaka injini ikiwa ya moto na gari limesimama. Nikipandisha mzunguko inazima. Stiki inaonyesha oili imejaa. Fundi kashauri oili nzito. (Kasulu)

Stiki inapima wingi, taa inapima presha. Usiendelee kuliendesha hivyo. Fundi afungue swichi ya oili na kufunga geji ya presha mahali pake. Geji ikisoma vizuri, badili swichi, kazi imekwisha. Ikisoma chini, fungueni sampo (karai la oili chini ya injini): mara nyingi chujio la ndani limezibwa na tope la oili iliyochelewa kubadilishwa. Likiwa safi, imebaki pampu au beringi zilizolika. Oili nzito inaificha taa tu, beringi zinaendelea kulika.

Nimeosha viti, taa ya eabegi haizimi. (Nzega)

Huenda plagi ya njano ya waya za eabegi chini ya kiti imelegea au imelowa. Zima gari, chomoa hasi ya betri, subiri angalau sekunde 90, ndipo uikaushe na kuikandamiza mpaka ilie. Waya hizo zisiguswe kwa taa ya kupimia umeme, eabegi inaweza kulipuka.

Taa ya bluu ya kipimajoto? (Tabora)

Injini bado ya baridi, nenda taratibu. Isipozima hata baada ya kilomita 10, huenda temostati (kifaa kinachozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate moto) imetolewa au imekwama wazi. Irudishwe au ibadilishwe.

Sijanunua bado. Nitajuaje kama taa imefichwa? (Kigoma mjini)

Zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Cheki injini, oili, betri na eabegi lazima zote ziwake. Isiyowaka, huenda balbu imetolewa au waya umekatwa. Kisha omba kuliendesha mpaka lipate moto, si kuzunguka kiwanja tu.