Picha za Mama Berlin na Swali Lenu

Tangu mama arudi Lindi kutoka kunitembelea huku Berlin, simu yangu haipoi. Shangazi anasema mama kanawiri. Binamu yangu wa Mtanda kaniambia wazi: "Kila tukikuomba kitu unasema mambo magumu, kumbe kumzungusha bi mkubwa Ulaya wiki tatu unaweza. Sema tu hutaki kutuita." Mdogo wangu yeye kauliza ile picha ya mama kasimama chini ya kibao cha barabara ina maana gani, mbona hapana cha kutazama pale. Nawajibu wote kwa pamoja.

Tuanze na hela, maana ndiyo inayowauma. Picha zile ni akiba ya miaka miwili na nusu. Ili mzazi apewe viza ya matembezi, mimi niliyeko huku nilikwenda kutia saini kwamba akiumwa, akikwama, akila, akilala, gharama ni juu yangu. Kabla ya saini wanakagua mshahara na mkataba wa nyumba. Karatasi hiyo ni yuro 29. Viza yuro 90, na hata wakikunyima hairudi. Juu yake bima ya safari inayoweza kulipa matibabu hadi yuro 30,000. Nauli ya ndege siitaji, shangazi atashika kichwa. Basi la kutoka Lindi mpaka Dar mama alijilipia kwa hela yake ya korosho, na jambo hilo alilitangaza kwa kila mtu, hata kwa jirani yangu Mturuki asiyejua Kiswahili hata neno.

Alifika mwezi wa sita, na kitu cha kwanza kilichomshinda Berlin ni jua. Mwezi huo Magharibi inaingia karibu saa tatu na nusu usiku. Ninaishi Marzahn, chumba kimoja, ghorofa ya tisa. Mama anakaa dirishani na tasbihi yake, anasubiri. "Jua la huku halina adabu," akasema. Isha nayo ukiingoja ni usiku wa manane, hujalala vizuri Alfajiri imefika. Mimi nikitoka kwenda zamu namwacha bado kunang'aa kama saa kumi na moja jioni ya kwetu.

Siku ya tatu akaniuliza, "Baba, hiyo ofisi gani inayofunguliwa usiku?"

Nikamwambia ni mambo ya usafirishaji, mizigo haijui usiku. Uongo sikusema, ila ukweli niliufunikia kawa.

Sasa la aibu. Miaka sita niko mji huu na nilikuwa sijautembea. Njia yangu ni chumba, treni, kazini, duka la bei rahisi, chumba. Mwenzangu wa zamu, Mghana, ndiye aliyenifundisha basi namba 100: unalipanda Zoologischer Garten, linakupitisha kwenye mnara wa malaika wa dhahabu, jengo la bunge, barabara ya Unter den Linden, mpaka Alexanderplatz. Ni basi la abiria kama mabasi mengine, na tiketi yake ni ile ile. Mimi nina tiketi ya mwezi, mwaka 2025 ilikuwa yuro 58, na mama nilimkatia kama hiyo. Huko ndiko kumzungusha Ulaya kwenyewe. Ule mnara wa televisheni wa mita 368 mliousifia, hatukuupanda. Mama alipotajiwa bei ya kwenda juu akauliza kama na kushuka wanatoza, tukapiga picha chini tukaenda zetu. Kwenye lango la Brandenburg alizunguka mbele na nyuma, akasema, "Geti nimeliona. Nyumba yake iko wapi?"

Palipomshika ni Bernauer Strasse, kwenye mabaki ya ule ukuta ulioigawa Berlin mashariki na magharibi. Nilimweleza kwamba mwaka 1961 waliamka wakakuta mtaa umekatwa, dirisha liko upande huu na njia ya chini iko upande mwingine, watu wakawa wanaruka kutoka ghorofani. Akauliza mpaka lini. Nikamwambia mpaka 1989. Akahesabu kwa vidole, akakuta ukuta umevunjwa yeye ameshaolewa. "Hawa nao wana yao," akasema, akataka tukae kidogo. Tulikaa saa nzima.

Kile kibao, mdogo wangu, kiko mtaa wa Wedding. Kuna eneo huko barabara zake zina majina ya Afrika, mojawapo inaitwa Zanzibar kwa maandishi yao, Sansibarstraße. Nyingine ilikuwa Petersallee, jina lililowekwa zamani kumtukuza Carl Peters, yule Mjerumani aliyekuja kuchukua nchi yetu kwa mikataba ya ujanja. Agosti 2024 kipande chake kikapewa jina la Maji-Maji-Allee. Ukikuza picha utaona. Mama alitaka kibao kizima kionekane, na yeye aonekane, ndiyo maana nimempiga kwa mbali hivyo. Wamatumbi wa Nandete wameanza vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani 1905 huko Kilwa, leo Mjerumani akitafuta nyumba anauliza, "Maji-Maji-Allee ni wapi?" Mama alicheka pale kuliko mahali pengine pote.

Mjusi nilimwacha kwa siku ya mwisho, na hilo silijutii.

Mnajua kwamba mjusi wa Tendaguru, yule dinosau aliyechimbwa kwetu Lindi, yuko Berlin. Kila mtoto wa Lindi amelisikia, na bungeni husikika swali la kwa nini asirudishwe. Lakini kusikia ni kitu kingine. Unaingia jumba la makumbusho la Invalidenstraße, unavuka mlango, na ndani ya ukumbi uko chini ya kiunzi cha mifupa cha mita 13.27 kwenda juu. Shingo yake inapanda mpaka yako inauma. Mama alisimama kwenye miguu ya mbele, ikawa yeye na mfupa mmoja wa mguu, mfupa umempita. Hakusema kitu. Akaniambia nimsomee. Nikamsomea Tendaguru, akasema nirudie, nikarudia.

Mama kazaliwa upande wa Mipingo, Tendaguru ni huko huko. Bibi yake alikuwa akiwasimulia habari za wazee waliobeba mifupa ya mawe mpaka Lindi, na wao watoto wakidhani ni hadithi ya kulalia. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo, nikamjazia: walichimba tangu 1909 mpaka 1913, kwa jembe na sururu, mamia ya watu wa kwetu, na msimamizi wao mkuu ni Boheti bin Amrani. Mbung'o hawakuacha punda wala ng'ombe wa kukokota, kwa hiyo mzigo wote, zaidi ya tani 200, ulikwenda kwa kichwa na bega, mkubwa ukafungwa kwenye mti wakashika watu wawili, mwendo wa siku nne hivi mpaka bandarini. Kisha meli.

"1909," mama akasema. "Vita imekwisha lini?"

"1907."

"Basi hao wametoka kwenye njaa ya vita." Akatazama juu tena. "Wametoka kwenye njaa, wakambebea mtu mizigo yake mpaka pwani. Na hapa majina yao hatuyaoni."

Kulikuwa na watoto wa shule wanapiga kelele, mwalimu anawanyamazisha. Sijui kilinipata nini. Nikamwambia, "Mama, na mimi nabeba."

Hakunielewa. Ikabidi nimalize. Ofisi sina. Naingia saa nne usiku kwenye ghala la vifurushi, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Mnapotania watu wa ughaibuni kwamba wanabeba boksi, kwangu mimi ni maboksi kweli: viatu, chakula cha mbwa, televisheni, yanakuja kwenye mkanda na mimi nayapanga ndani ya lori. Mwaka 2025 kima cha chini kilikuwa yuro 12.82 kwa saa, changu kilizidi hapo kwa senti tu, na kabla hakijanifikia wameshakata kodi na bima. Nusu ya kinachobaki ni pango. Zile mnazotumiwa zinatoka kwenye nusu nyingine.

Mama akauliza, "Mgongo?" Nikamwambia mgongo upo, unasema sema. Akauliza kama wanalipa kwa wakati. Nikasema hilo hawachezei, tarehe ikifika hela imeingia. Akatikisa kichwa, tukapanda treni. Usiku ule, kabla sijatoka, akanikalisha chini, akafungua ile chupa ya mafuta ya nazi aliyotoka nayo Lindi, akanikanda mabega kimya kimya mpaka nikachelewa treni ya kwanza.

Uwanja wa ndege, tunasubiri mstari wa mizigo, nikamuuliza, "Wakikuuliza kazi yangu utawaambiaje?"

"Waambie mwenyewe," akasema. "Mimi nitawaonyesha picha."