Jibu: Gesi ya haidrojeni kutokana na mabaki ya maembe

Ndugu, umeuliza kama maganda na kokwa za maembe, vinavyotupwa na wakamuaji wa sharubati hapa Malindi, vinaweza kutoa gesi yenye haidrojeni nyingi. Vinaweza, lakini vitenganishe kwanza: ganda bichi limejaa maji, na joto lako litaishia kulikausha, ilhali kokwa iliyoanikwa juani hadi ikavunjika kwa mlio mkavu inafaa vizuri sana kwa tanuri la kugeuza mabaki kuwa gesi kwa joto kali.

Ukipuliza hewa ya kawaida ndani ya tanuri hilo, naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa hiyo, itaizimua gesi yako. Ukitumia mvuke kwenye nyuzijoto 700 hadi 900 za Selsiasi, kaboni iliyo ndani ya kokwa huyanyang'anya maji oksijeni na kuiacha haidrojeni, kisha monoksidi ya kaboni iliyozalika hukutana na mvuke uliobaki na kuongeza haidrojeni nyingine. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni lami, yaani majimaji mazito meusi yanayotoka pamoja na gesi, kwani huganda mabombani gesi inapopoa, ingawa dolomiti (mwamba unaofanana na mawe ya chokaa) iliyochomwa husaidia kuivunja. Nakusihi pia usiuweke mtambo ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu monoksidi hiyo haina harufu na huua. Maganda mabichi, kwa maoni yangu, yapeleke kwenye mtambo wa biogesi.