Olot hadi baharini kwa baiskeli

Inawezekana kwenda kwa baiskeli toka mji wa Olot hadi Sant Feliu de Guíxols, mji wa pwani huko Hispania, na karibu njia nzima haina magari. Ni njia ya reli nyembamba ya zamani iliyofungwa 1969, ndiyo maana hakuna milima ya kukutoa roho. Treni zile zisingeiweza. Olot–Girona ni kama kilomita 54, kipande kikiambaa na mto Ter, halafu kama 40 hadi pwani. Ila ndani ya mji wa Girona utachangamana na magari kidogo. Anzia Olot: ukishamaliza mpando wa mwanzoni, kilichobaki mpaka Girona ni mteremko. Na tairi nyembamba za mashindano acha nyumbani, sehemu kubwa ni udongo na changarawe iliyoshindiliwa.