Sindano ya steroidi ndani ya jicho: msiache kupima presha ya jicho

Ndugu uliyeuliza kuhusu mama yako, aliyeambiwa achomwe steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) ndani ya jicho baada ya mshipa wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, kuziba: mimi nimechomwa mara tatu, jicho la kushoto, kwa tatizo hilohilo.

Kwangu ilianza asubuhi moja nikiwa nasoma. Katikati ya mstari herufi zimepinda, zina ukungu, na hakuna maumivu. Vena, yaani huo mshipa wa kutoa damu, imeziba, damu haipati njia ya kutoka, majimaji yanavuja na kujaa kwenye makula, ile sehemu ndogo ya retina tunayosomea. Nilianza na sindano nyingine za kila mwezi za kuzuia uvujaji, uvimbe haukukauka, ndipo tukahamia steroidi.

Sindano yenyewe isimtishe mama. Wanatia matone ya ganzi, wanaosha jicho kwa iodini (hiyo ndiyo inayowasha, mpaka usiku), wanatanua kope, unaambiwa tazama juu. Unasikia kama unasukumwa, kisha "tik", kama kalamu ya kubonyeza. Kinachoingia ni kijiti kidogo cha deksamethazoni, miligramu 0.7, kinachoyeyuka chenyewe polepole. Wiki za mwanzo nilikuwa nakiona kama uzi unaoelea nikigeuza jicho.

Nguvu yake hufika kileleni karibu miezi 2, halafu hupungua. Mimi mwezi wa 5 herufi zilianza kupinda tena.

Sasa hili la presha ya jicho, ambayo steroidi huweza kuipandisha, tafadhali lishikeni. Baada ya sindano ya pili niliona vizuri mno, nikajiambia kliniki ya wiki ya sita ya nini. Nilipokwenda kwa kuchelewa, presha ilikuwa 34, na kawaida ni kati ya 10 na 21. Sikuwa nimehisi chochote! Matone yaliishusha, namshukuru Mungu, ila ikikaa juu hivyo inaua neva ya jicho, na kuona kulikopotea kwa njia hiyo hakurudi. Mama akiwa na glakoma (ugonjwa unaoharibu neva ya jicho), daktari ajue kabla ya kuchoma. Mtoto wa jicho naye huja mapema kwa dawa hizi, lakini yeye hutolewa kwa upasuaji.

Siku za kwanza jicho likianza kuuma, wekundu ukizidi au kuona kukipungua, msingoje kesho, huenda ni maambukizi ya ndani. Na apimwe presha ya damu na sukari, maana zikiwa juu huchangia mshipa kuziba. Mimi siku ile ya kwanza nilikutwa na 170 kwa 100, na nilikuwa sijui.