Fosfati uliyoipima huenda ni ya chombo chako

Nilipopima fosfati ya maji ya Ziwa Victoria kwa mara ya kwanza kwa kihisi cha mng'ao, yaani molekuli inayowaka ikikutana na fosfati, mashine ilinipa namba kubwa nami nikaiamini. Mbolea ya mashambani na maji taka ya mijini huingia ziwani, magugumaji tunayaona kwa macho. Ningetilia shaka nini? Fundi sanifu wa maabara, mama mtu mzima, akaniuliza: "Mwanangu, maji matupu yamesoma ngapi?" Sikuwa nimeyapima maji hayo safi, yasiyo na sampuli. Nilipoyapima kwa chupa zilezile, yalisoma karibu sawa na ya ziwa. Vyombo vilikuwa vimeoshwa kwa sabuni, na sabuni nyingi za maabara zina fosfati. Kazi ya wiki mbili ikaanza upya.

Wewe unayeanza, usishike pipeti kabla hujalielewa hili. Kihisi nilichojifunzia ni protini ya bakteria E. coli iliyobandikwa rangi ya kumarini. Kundi la mtafiti Martin Webb, huko London, lilikitangaza mwaka 1994. Fosfati ikiingia, protini huifumbata kama kiganja, na rangi huwaka mara kadhaa zaidi, karibu na nanomita 465, yaani mwanga wa samawati. Huikamata hata ikiwa chini ya mikromoli moja kwa lita. Ukali huo ndio sifa yake, na ndio unaokutia matatani. Watengenezaji wenyewe walihangaika na fosfati ya uchafu hadi wakaanza kutumia kimeng'enya cha kuifagia kwenye miyeyusho yao.

Sasa piga hesabu nami. Seramu ya mtu mzima mwenye afya huwa na fosfati kati ya milimoli 0.8 na 1.5 kwa lita, nyingi mno kwa kihisi hiki, kwa hiyo unaizimua mara 1,000. Tuseme maji yako ya kuzimulia yana nusu mikromoli tu. Ukirudisha hesabu kwa kuzidisha mara 1,000, nusu hiyo inakuwa mikromoli 500, yaani milimoli 0.5. Mtu mwenye 1.2 anasomeka 1.7, na daktari anaanza kuzifikiria figo zake. Uchafu usioonekana, uliotoka kwenye chupa yako, umemtia mtu mzima wa afya wasiwasi. Hilo hunikosesha raha mpaka leo.

Kwa hiyo uwe na vyombo vyako mwenyewe ambavyo havijui sabuni. Viloweke usiku kucha kwenye asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10, kisha suuza mara nyingi kwa maji safi yaliyokenekwa. Vaa glavu. Bafa (myeyusho unaozuia kiwango cha asidi kisibadilike) ya PBS, yaani "phosphate-buffered saline", iweke mbali na meza yako, maana ni fosfati tangu jina lake. Tumia HEPES au Tris, bafa zisizo na fosfati. Na kila siku, kabla ya sampuli yoyote, pima maji matupu ukaandike namba yake daftarini, hata kama jana yalikuwa safi.

Sampuli nazo zina vituko vyake. Seramu yenye wekundu ikatae: chembe za damu zimepasuka na kumwaga fosfati yao humo. Kama kihisi chako kinategemea metali, mfano zinki au yuropiamu, usipokee damu ya mirija yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa sababu EDTA huing'ang'ania metali hiyo na kukunyang'anya. Vihisi vya zinki pia mara nyingi huipenda ATP na pirofosfati, molekuli zilizojengwa kwa fosfati zaidi ya moja, kuliko fosfati yenyewe, kwa hiyo uliza kwanza ndani ya sampuli yako kuna nini kingine. Maji ya kahawia kutoka kwenye mafunjo yana mabaki ya mimea yanayong'aa samawati yenyewe yakipigwa mwanga wa urujuanimno. Yasome kwanza bila kihisi, uitoe namba hiyo.

Ukiwa bado na shaka, chukua sampuli hiyohiyo uiongezee kiasi cha fosfati unachokijua. Umeongeza mikromoli 2 na mashine imeona 1.2? Kuna kitu kinazima mng'ao, na namba ya mwanzo nayo ilikuwa pungufu.

Halafu andika kipimo kikamilifu. "Miligramu 1 ya fosfati" na "miligramu 1 ya fosforasi" zimetofautiana mara tatu na kidogo: gramu 1 ya fosforasi ni gramu 3.07 za fosfati. Nimeona jedwali zima la maji ya mito likitupwa kwa sababu aliyelijaza aliandika "P" mahali pamoja na "PO4" mahali pengine, na hakuna aliyeweza kukumbuka ipi ni ipi.